Ogawa na Inaba Ziwa Mweru

Ukitoka Mansa kuelekea kaskazini kwa barabara inayofuata bonde la Luapula, utapita Mwense, utapita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, na kabla hujaliona Ziwa Mweru utakuwa umeshalinusa. Hiyo ni harufu ya chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani kukipambazuka. Magunia yao hujaa soko la Kashikishi, Nchelenge, na kutoka hapo hupakiwa kwenda Copperbelt na kuvushwa hadi Congo.

Wavuvi huwafuata samaki. Nyumba za nyasi na maturubai husimamishwa hatua chache kutoka majini, na samaki wakihama, kambi nayo huhama. Choo cha shimo mahali kama hapo ni kazi ya kujichosha, kwa sababu kabla hujachimba kina cha maana mchanga umeshaporomoka na maji yamepanda. Watu huchota maji ya kunywa ziwani, huoga humo, huosha vyombo humo, na asiye na choo hujisaidia humohumo.

Mwaka 2017 kipindupindu kilizuka katika kambi za wavuvi za wilaya za Chienge na Nchelenge. Mwaka 2023 Nchelenge ikaguswa tena, pamoja na Mwansabombwe, na Mpulungu na Nsama za Mkoa wa Kaskazini. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo ikaja zamu ya Lusaka, na nchi nzima ikatikisika: zaidi ya watu 23,000 waliugua, zaidi ya 700 walikufa, Uwanja wa Heroes ukageuzwa kituo cha matibabu, na shule zilichelewa kufunguliwa Januari 2024.

Ugonjwa wa namna hii ukitokea kwenye ziwa la mpakani, lawama huvuka maji haraka kuliko mtumbwi. Upande wa Zambia kidole huelekezwa Congo. Sitashangaa kusikia kwamba huko Pweto na Kilwa kidole huelekezwa Zambia. (Msomaji wa Pwani asichanganyikiwe: Ziwa Mweru lina Kilwa mbili, kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Congo, na hakuna kati yake iliyo Kilwa Kisiwani.) Lawama zilipata nguvu zaidi baada ya mapigano ya Katanga na mkoa wa Tanganyika huko Congo kuwakimbiza maelfu ya Wakongo mwaka 2017, na makazi ya wakimbizi ya Mantapala kufunguliwa wilayani Nchelenge mwanzoni mwa mwaka 2018. Humo Kiswahili cha Katanga husikika kutwa.

Nimeanza na lawama kwa sababu fomu ya maabara huwa na maneno yanayoonekana kana kwamba yangeweza kuzimaliza. Fomu huandikwa: Vibrio cholerae O1, Ogawa. Au: O1, Inaba. Ukisikia wilaya mbili, moja ya Zambia na moja ya Congo, zote zina Ogawa, unashawishika kusema ni moto mmoja. Hapo ndipo watu wengi, wakiwemo waandishi wenzangu, hukosea. Ogawa ni jina la namna sukari ilivyopangwa juu ya ngozi ya kimelea. Halitaji ukoo wake wala bandari aliyotokea.

Vibrio cholerae kwa asili ni kiumbe wa majini. Maabara za dunia zimeshatambua makundi yake zaidi ya 200, na karibu yote huishi kwenye mito, maziwa na milango ya mito baharini bila kumwua mtu. Mengine humpa mtu tumbo la kuendesha la siku mbili, basi. Makundi yaliyosababisha milipuko mikubwa ni mawili tu, O1 na O139. Kinachoyatofautisha makundi hayo 200 katika maabara ni kitu kimoja: minyororo ya sukari iliyoota nje ya kila kimelea.

Tuitazame kwa karibu. Kimelea hiki kina utando wa nje wa mafuta, na katika mafuta hayo zimesimikwa molekuli ziitwazo lipopolisakaridi. Sehemu ya ndani ya molekuli hufanana kwa makundi mengi. Sehemu ya nje kabisa, inayogusana na maji, utumbo na kingamwili za mtu, ni mnyororo wa sukari zilizofuatana kama shanga katika uzi. Kwa O1, shanga zote ni za aina moja: sukari adimu iitwayo perosamini, ambayo binadamu hana kabisa mwilini, kila moja ikiwa imebandikwa kipande cha asidi. Uzi huwa na shanga 12 hadi 18 hivi. Kwa O139, uzi ni mfupi na shanga ni za mchanganyiko, mojawapo ikiwa sukari nyingine adimu iitwayo kolitosi. Juu ya hapo O139 hujifunika gamba zito la sukari ambalo O1 haina. Makundi mengine nayo yana mishono yao, kila moja na sukari zake, urefu wake na namna yake ya kuziunganisha.

Uteuzi wa sukari hizo umeandikwa katika jeni. Kuna eneo moja kwenye kromosomu ya kimelea ambako jeni za kazi hii zimepangwa mstari mmoja: baadhi hutengeneza perosamini, nyingine huibandika asidi, nyingine husafirisha mnyororo hadi nje. Eneo hilo ndilo linalotofautiana zaidi kati ya kundi na kundi. Pembeni yake, kushoto na kulia, jeni zinafanana.

Sasa nenda kwenye meza ya maabara. Sampuli ya choo cha mgonjwa hupandwa kwenye sahani ya kijani yenye chumvi za nyongo na sukari ya kawaida. Kimelea cha kipindupindu hula sukari hiyo, hutoa asidi, na kesho yake kinaonekana kama vidoa vya njano, laini, vya kung'aa. Fundi huchukua doa moja kwa kitanzi cha waya na kuliweka kwenye kioo. Hudondoshea tone la seramu yenye kingamwili dhidi ya O1, kisha hukiyumbisha kioo taratibu mbele ya taa. Kama ni O1, tone lililokuwa na ukungu wa maziwa linachanikachanika kuwa chembechembe, kwa sababu kingamwili zimeikamata sukari ya kimelea hiki na cha jirani yake na kuvifunga pamoja. Lisipoganda, si O1. Kisha hurudia kwa seramu ya Ogawa, na ya Inaba. Kazi ya dakika chache, macho mawili na mkono usiotetemeka.

Kile kipimo cha karatasi kinachochovywa kwenye kichupa huko vituo vya pembeni hufanya kazi hiyohiyo bila sahani wala taa. Kingamwili zimelazwa kwenye karatasi. Sukari ikipita inanaswa, na mstari mwekundu unatokea. Kuna mstari wa O1 na mstari wa O139. Ogawa na Inaba hakivitenganishi, na wala hakisemi ni dawa gani imeshindwa kumwua kimelea, ndiyo maana sampuli bado hulazimika kusafiri hadi maabara yenye uwezo wa kuiotesha.

Tofauti ya Ogawa na Inaba ni ndogo kiasi cha kushangaza. Nyuzi zote mbili ni perosamini mwanzo hadi mwisho. Shanga ya mwisho kabisa, ile ya ncha, kwa Ogawa imevikwa methili, yaani atomi moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Kwa Inaba haikuvikwa. Basi. Jeni inayoivika inaitwa wbeT, na jeni hiyo ikiharibika mahali popote, iwe kwa herufi moja kubadilika, kipande kupotea au kipande kigeni kujichomeka, Ogawa anakuwa Inaba. Njia za kuharibu ni nyingi, ya kurudi ni nyembamba: kosa lenyewe lazima litenguliwe. Kwa hiyo mageuzi kutoka Ogawa kwenda Inaba hutokea mara kwa mara, na kinyume chake ni nadra.

Faida ya kimelea ni nini? Kinga ya mtu aliyepona kipindupindu hulenga hasa sukari hiyo, na baadhi ya kingamwili zake hushika ile ncha yenye methili tu. Watu wengi wakishapona Ogawa, Inaba anayetokea anakutana na kinga iliyo dhaifu kidogo kwake. Takwimu za miaka mingi za Matlab, Bangladesh, zinaonyesha aina hizo mbili zikipokezana, na Tanzania nayo zote mbili zimeshaonekana katika milipuko ya tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo ofisa wa afya akiona Ogawa mwaka huu na Inaba mwaka ujao asikimbilie kusema ugonjwa mpya umeingia wilayani. Huenda ni ukoo uleule, umevua methili.

Kubadili shanga ya ncha ni jambo dogo. Kubadili uzi mzima ni jingine, na limeshatokea mara mbili za kukumbukwa. Mwaka 1968 Sudan ilipata mlipuko wa kuharisha mithili ya kipindupindu, lakini seramu ya O1 haikugandisha kitu. Kundi hilo sasa linajulikana kama O37, na jeni zake zimeonyesha kuwa ni ndugu wa karibu wa O1 wa kale aliyebadilisha lile eneo la jeni za sukari. Mlipuko ulikwisha na O37 haikusambaa. Mwishoni mwa mwaka 1992, mji wa Madras, ambao leo ni Chennai, ulikumbwa na kipindupindu cha sukari isiyojulikana, na baada ya miezi kikaenea hadi Bangladesh. Watu wazima waliokuwa na kinga ya miaka mingi dhidi ya O1 waliugua kama watoto. Kundi lilipewa namba 139. Mwili wake ulikuwa wa El Tor, aina ya O1 iliyokuwa ikizunguka dunia tangu 1961; sukari tu ndiyo iliyokuwa mpya, na eneo lile la jeni lilikuwa limeng'olewa zima na kupandikizwa jingine. Wengi walitabiri kwamba janga la nane la kipindupindu duniani limeanza. Halikuanza. O139 ilibaki Asia, ikafifia.

Kimelea hupataje jeni za jirani? Jibu lina uhusiano na wadudu wadogo wa majini ambao chisense huwala. Magamba yao ni ya kitini, nayo kitini yenyewe ni polisakaridi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba Vibrio cholerae akikaa juu ya kitini hufungua milango na kumeza DNA iliyotapakaa majini. Miaka miwili baadaye Melanie Blokesch na Gary Schoolnik wakathibitisha jambo la kutia hofu zaidi: juu ya kitini, O1 aliyewekwa karibu na DNA ya O139 aliweza kugeuka kuwa O139 kwa hatua moja.

Na wapo wanaomsukuma abadilike. Nchini Bangladesh imegunduliwa virusi iitwayo ICP1 inayokula vimelea vya kipindupindu peke yake, na ili kuingia ndani lazima kwanza ishike ile sukari ya O1. Kimelea kikizima jeni za sukari, virusi haina pa kushika. Lakini kimelea kisicho na sukari hiyo hakiwezi kustawi kwenye utumbo. Ndiyo sababu, nadhani, O1 imedumu miaka yote hii ingawa nyuzi nyingine 200 zipo majini zikingoja: kuivua ni rahisi, kuishi ndani ya mtu bila hiyo ni kazi.

Turudi kwenye lawama. Kipindupindu cha karne ya 19 kilisababishwa na O1 wa aina ya kale. Daktari James Christie, aliyeishi Zanzibar na kuandika kitabu kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki kilichochapishwa mwaka 1876, alifuatilia ugonjwa ulivyotembea na misafara. Kipindupindu cha leo ni El Tor, jina la kituo cha karantini cha mahujaji huko Sinai ambako aina hii ilitambuliwa mwaka 1905. Hizo ni koo mbili tofauti, na sukari yao ni moja, O1. O139 ni kinyume chake: ukoo mmoja na El Tor, sukari mbalimbali. Basi sukari haiwezi kukuambia nani kamwambukiza nani.

Kinachoweza ni kusoma jeni zote. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, lilichapisha usomaji wa mamia ya sampuli za Afrika, na likahesabu kwamba tangu 1970 El Tor ameingizwa barani humu mara zisizopungua 11, asili yake ikiwa Asia, kisha akasambazwa na watu. Utafiti wa sampuli za Lusaka uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba jiji hilo lenyewe liliingiziwa kipindupindu mara tatu tofauti. Kwa maabara ya seramu, mara tatu hizo zingeweza kusomeka kama neno lilelile: O1.

Kwa hiyo mtu akisimama Kashikishi na kusema Wakongo wameleta, au akisimama Pweto na kusema Wazambia wameleta, hana ushahidi mpaka sampuli za pande zote mbili zisomwe na kuwekwa meza moja. Za Nchelenge huishia Lusaka, kwenye mamlaka ya Zambia; za ng'ambo huishia Kinshasa au Lubumbashi. Ziwa ambalo mtu hulivuka kwa mtumbwi kwenda msibani na kurudi lina madaftari mawili. Kuyafungua pamoja kungegharimu kidogo sana kuliko mlipuko mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya kwanza ambayo nchi hizi mbili zingepaswa kuifanya kabla ya kujenga geti jingine lolote mpakani.

Klorini, kwa upande wake, haijali methili. Inaua Ogawa, inaua Inaba, na O139 pia. Chanjo ndiyo inayojali.

Chanjo za kunywa zilizotumika Afrika kwa zaidi ya miaka kumi, Shanchol kwanza kisha Euvichol ya Korea Kusini, zilikuwa na vimelea vilivyouawa vya aina tano: Ogawa na Inaba walioandaliwa kwa njia mbalimbali, na mmoja wa O139. Watafiti wa kituo cha CIDRZ cha Zambia walipopima damu za wakazi wa mabwawa ya Lukanga, wavuvi wanaoishi kama wenzao wa Mweru, walilazimika kuhesabu kinga ya Ogawa peke yake na ya Inaba peke yake, na wakaona zinavyopungua kadiri miaka inavyokwenda.

Oktoba 2022 dunia iliishiwa chanjo. Milipuko ilikuwa mingi kuliko chupa, na ikaamuliwa kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Ndipo swali la O139 likawa la kibiashara: kwa nini kila chupa inayokwenda Afrika ibebe sukari ambayo Afrika haijawahi kuugua mlipuko wake? Mwezi Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Euvichol-S, toleo lililopunguzwa kutoka sehemu tano hadi mbili, Ogawa na Inaba tu. Kiwanda kilekile kikaweza kutoa dozi nyingi zaidi kwa bei nafuu. India ikaja na Hillchol, ambayo imeenda mbali zaidi: hutumia kimelea kimoja cha aina ya Hikojima, chenye nyuzi zilizovikwa methili na zisizovikwa kwa wakati mmoja. Wapo wataalamu wanaonung'unika kwamba O139 anaweza kurudi. Anaweza. Lakini chupa tupu hazimkingi mtu na chochote, na mimi nawaunga mkono waliomtoa.

Linalobaki ni la watoto. Mwili wa mtoto mchanga hauoni vizuri sukari tupu; unaipita. Chanjo za kunywa hufanya kazi nusu yake hivi kwa walio chini ya miaka mitano ukilinganisha na watu wazima. Kwa magonjwa mengine dawa ya tatizo hili ilishapatikana: unaiunganisha sukari na protini, na mwili ukiiona protini unaamka. Pneumokoka wa kichomi ana magamba ya sukari ya aina zaidi ya 100, na chanjo yake huchagua yale machache yanayoua zaidi na kuyafunga kwa protini. Zambia iliianza mwaka 2013. Kilifi, Kenya, iliyoianza mwaka 2011, magonjwa makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wadogo. Taifodi nayo sasa ina chanjo ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya gamba lake liitwalo Vi.

Chanjo ya kipindupindu ya kuunganishwa na protini bado iko kwenye majaribio kwa watu, ikiendelezwa na watafiti wa Boston pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo ya Seoul. Ni ya sindano, na sukari waliyoichagua ni ya Inaba, ile isiyo na methili. Ikifaulu, itaweza kuingia kwenye ratiba ya kliniki pamoja na chanjo nyingine za utotoni. Kwa sasa chanjo ya kipindupindu hutolewa kwa aliyetimiza mwaka mmoja na kuendelea, na aliye mgongoni mwa mama anayeanika chisense, akiwa na miezi minane, haruhusiwi kuinywa.